Kasuku Mgeni Nyumbani: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Kuhusu Kuanza Kumfundisha

Wengi wanaonitafuta hapa Mwanza hawakununua kasuku. Wameachiwa. Jirani kahamishiwa Dodoma, babu kafariki Sengerema, mpangaji wa Capri Point kamaliza mkataba na kurudi kwao, na ndege kabaki na tundu lake na nusu mfuko wa alizeti. Mimi mwenyewe nilimpata wa kwangu hivyo hivyo: kasuku wa kijivu niliyemwita Sato, kwa kuwa rangi yake ilinikumbusha samaki aliyetoka majini sasa hivi. Haya ndiyo maswali ninayoyajibu kila wiki nikiwa barazani Nyamanoro, huku Sato akiiga bawaba za mlango wangu zinavyolia.

Kwanza, naruhusiwa kumfuga?

Jibu hili kabla hujamfundisha chochote. Kasuku ni mnyamapori, na kumiliki mnyamapori hai bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Aliyekuachia ndege muulize karatasi zake, kisha nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ueleze hali ilivyo kabla hawajakufuata wao. Kasuku wa kijivu ana ulinzi wa ziada: tangu Januari 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Usidhani ni ndege wa mbali. Misitu ya Kagera inao, na ukivuka ziwa kwenda Entebbe utawasikia wakipita juu ya miti.

Mtu akikufuata stendi na kikapu kilichofunikwa kitenge, ndani mna kasuku mwenye macho yaliyozubaa, usinunue hata kwa huruma. Fedha yako ndiyo nauli yake ya kurudi msituni kukamata mwingine.

Nimemleta jana jioni. Mafunzo yaanze lini?

Yameshaanza, tangu ulipomshusha kwenye bajaji. Watu husema mtoto anakariri kama kasuku, wakimaanisha anarudia asichokielewa. Mimi naona tunamwonea ndege. Ulipofungua mlango wa tundu kwa kishindo, alijifunza kitu. Watoto walipogonga waya akaruka, wakacheka wakagonga tena, alijifunza kitu kikubwa zaidi. Kwa hiyo siku za mwanzo kazi yako ni kuchunguza unamfundisha nini bila kukusudia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kasuku jembe lisubiri. Wako wanaotulia kwa siku tatu, wako wanaotaka wiki tatu au zaidi, na wa kijivu ndio wagumu kuzoea. Tundu liweke sebuleni pembeni, upande mmoja ukutani ili asijione amezingirwa, kimo cha kifua chako, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua la saa nane. Sisi wa nyumba za mlimani tunajua mawe yakishapata moto mchana yanaendelea kuutoa mpaka usiku. Halafu kaa karibu naye ufanye shughuli zako. Chambua mboga, ongea na simu kwa sauti yako ya kawaida. Usimkodolee macho. Kwa ndege, anayekutazama kwa macho mawili bila kupepesa ni mwewe.

Akianza kula wewe ukiwemo chumbani, akajipanga manyoya mbele yako, akasogea upande uliokaa, basi darasa lifunguliwe.

Tundu nililorithi limechomelewa na fundi mtaani. Lina shida?

Huenda. Waya na mabati yaliyopakwa zinki yana sumu kwake, kwa sababu kasuku hutembea kwa mdomo kama anavyotembea kwa miguu, na kila anapopita anatafuna. Rangi za zamani zenye risasi ni mbaya zaidi. Muulize fundi alitumia nini. Kama hakumbuki, tafuta lingine la chuma kitupu kisicho na kutu wala rangi inayobanduka. Ndani weka matawi ya mpera ya unene tofauti tofauti, yenye magamba yake. Ule ufito mmoja laini wa duara unaokuja na tundu unamchosha nyayo, maana anakanyaga palepale mwaka mzima.

Usiku anahitaji giza na ukimya kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Ndege anayelala sebuleni huku taarifa ya habari inanguruma, kesho yake usimlaumu kwa ukorofi.

Nitajuaje amekasirika kabla hajaning'ata?

Anakuambia, ila hakuambii kwa maneno. Manyoya yakibana mwilini na shingo ikarefuka, ana hofu. Mboni za macho zikipanuka na kusinyaa haraka haraka, mkia ukatanuka kama upepeo, amepandwa na jambo. Linaweza kuwa furaha, linaweza kuwa hasira, na kwa vyovyote mkono wako ukae mbali mpaka apoe. Kasuku wa kijivu aliyetishika sana hutoa mkoromo wa ajabu, kama mashine ya kusaga inayokataa kuwaka. Ukiusikia, rudi nyuma hatua mbili, usimbembeleze.

Akisimama kwa mguu mmoja, manyoya yamelegea, anasaga mdomo taratibu, huyo yuko raha mustarehe na anakaribia kusinzia. Mwache.

Nimpe zawadi gani wakati wa mafunzo?

Anayoipenda yeye. Fanya hivi: kwa siku tatu mwekee vyakula vya aina nyingi asubuhi, uangalie anakimbilia kipi kwanza. Mara nyingi ni alizeti au karanga. Ukishajua, kitoe kile kitu kwenye bakuli lake la kila siku. Kuanzia leo kinatoka mkononi mwako tu, wakati wa somo tu. Sijasema umshindishe njaa. Ndege mwenye njaa hajifunzi, anahangaika, na ndege mdogo hupungukiwa nguvu upesi kuliko unavyodhani.

Na kwa kuwa tumegusa alizeti, niseme jambo linalonikera. Kasuku wengi wanaokuja kwangu wamelelewa kwa alizeti tupu, miaka nenda rudi. Alizeti ina mafuta mengi, lakini vitamini A na madini ya kalsiamu ni haba, na kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu anaweza kufikia kutetemeka na kupata degedege. Mjini kwetu kumlisha vizuri si gharama: viazi lishe vile vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa, boga, karoti, matembele, pilipili, mahindi mabichi, wali kidogo, maharage yaliyoiva vizuri. Asiguse parachichi hata kipande, wala chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu na vyakula vya chumvi. Karanga zichague moja moja. Zilizokaa unyevu hushika sumukuvu, na ini lake ni dogo mno kwa sumu hiyo. Mimi siweki kinywani mwa Sato karanga ambayo mwenyewe nisingeila.

Somo la kwanza liwe lipi?

Kugusa kijiti. Watu wengi wanataka waanze na mkono, na hapo ndipo wanapoharibu. Mkono ndio uliomkamata, ndio uliomsukuma ndani ya boksi, ndio uliomleta hapa. Kijiti hakina historia.

Chukua kijiti cha mshikaki, kata ncha yake kali. Tafuta kalamu ya kubonyeza yenye mlio mkavu. Kwanza mfundishe maana ya mlio: bonyeza kalamu, papo hapo mpe mbegu moja kupitia wayani. Mlio, mbegu. Mlio, mbegu. Mara kumi au kumi na tano, siku ya kwanza imekwisha. Akiuogopa mlio wa kalamu, tumia neno fupi, "safi", kwa sauti ileile kila mara. Akiogopa hata vidole vyako vyenye mbegu, dondosha mbegu bakulini uondoke. Siku nyingine utasogea zaidi.

Kesho yake sogeza kijiti nje ya waya, shibiri moja kutoka mdomoni mwake. Usimchokoze nacho. Kasuku ni mdadisi, atanyoosha shingo akionje. Sekunde ile ile mdomo unapogusa, bonyeza kalamu, toa mbegu. Akiking'ang'ania akitaka kukivunja, ulichelewa kubonyeza. Baada ya siku kadhaa kisogeze kushoto, kulia, juu kidogo, na utashangaa kumwona anakifuata tundu zima. Hapo umepata usukani. Utaweza kumtoa tunduni, kumrudisha, kumpandisha kwenye mizani, kumwingiza kwenye boksi la safari, bila kumshika wala kumfukuza.

Dakika tatu hadi tano kwa kipindi, mara mbili au tatu kwa siku, inatosha. Funga darasa yeye akiwa bado anataka. Nilipoanza na Sato nilikuwa naenda nusu saa nzima, najiona mwalimu hodari, mpaka siku aliponigeuzia mgongo na kuanza kunywa maji taratibu, tone kwa tone, akiningoja niondoke.

Ataanza lini kupanda mkononi?

Akishafuata kijiti bila wasiwasi. Mlango wa tundu ukiwa wazi, weka mkono wako umetulia kama tawi, mbele ya kifua chake, na kijiti upande wa pili wa mkono. Ili akifikie itabidi anyooshe shingo juu ya mkono. Bonyeza, mbegu. Halafu mguu mmoja juu ya mkono: bonyeza, mbegu, na umruhusu aushushe. Halafu miguu miwili. Ndipo uanze kutamka "panda", neno moja, nyumba nzima ilitumie hilo hilo. Dada wa kazi akisema "njoo", baba akisema "haya twende", na mtoto akipiga miluzi, mmempa masomo matatu kwa mpigo.

Kabla ya kupanda, kasuku wengi hugusa mkono kwa mdomo kwanza. Huyo anapima kama tawi litamhimili, kama wewe unavyojaribu jiwe kwa mguu kabla ya kuvuka. Anayeshtuka na kuvuta mkono wakati huo anamfundisha kwamba tawi hili huanguka, na kesho hatalipanda. Ukijijua ni mwoga, vaa shati la mikono mirefu ya kitambaa kizito, wiki mbili za kwanza. Glavu za ngozi sizipendi. Zinamtisha, na siku ukizivua unaanza upya.

Asipotaka kupanda leo, mrudishie heshima yake, ondoka. Hakuna kitu kinachomfanya kasuku aseme ndiyo haraka kama kujua kwamba hapana yake inasikilizwa.

Ameshaning'ata hadi damu. Nimwadhibu vipi?

Usimwadhibu. Kupiga mdomo, kumtikisa, kumfunika kwa kanga mchana, kumpulizia maji usoni, yote haya yanamfundisha jambo moja tu, nalo ni kukuogopa wewe. Pia usipige kelele wala kuruka. Wapo wanaoona ile ni burudani.

Nikuonyeshe kovu langu, chini ya kidole cha shahada, upande wa ndani. Wiki ya kwanza na Sato kila asubuhi nilikuwa naingiza mkono kubadilisha maji. Anabana manyoya, mimi naendelea. Anakoroma, mimi naendelea. Siku ya tatu akang'ata, nikautoa mkono haraka. Siku ya nne hakubana manyoya wala hakukoroma, aling'ata moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimemthibitishia kuwa lugha nyingine zote mwenye nyumba hazielewi. Nilimfundisha kung'ata kwa siku nne, tena bila mbegu hata moja. Kumfundisha kuacha kulinichukua miezi miwili, na dawa yenyewe ilikuwa ndogo: akibana manyoya tu, mkono unasimama, akilegea, bonyeza, mbegu. Bakuli la maji nikaliweka karibu na mlango.

Kidonda kioshe kwa maji na sabuni vizuri, na kikiwa kirefu nenda hospitali.

Anapiga kelele alfajiri na jioni. Majirani wamechoka.

Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni ni desturi yao. Porini ndio muda wa kuitana kabla ya kutawanyika na kabla ya kulala. Hiyo huwezi kuifuta. Vumilia robo saa hivi, peleka sahani ya maandazi kwa jirani.

Kelele za mchana kutwa ni habari nyingine. Mara nyingi tumezinunua wenyewe: anapiga ukelele, unatoka jikoni kumwambia "nyamaza wewe!", naye kapata alichotaka, umekuja. Muitikie pale anapotoa sauti nzuri, mluzi au neno; ukelele usiujibu, usimtazame, usiingie chumbani. Nakuonya kwamba siku za mwanzo zitazidi kabla hazijapungua, na ukikata tamaa siku ya tano ukamwendea, umemfundisha kwamba ukelele wa siku tano ndio bei. Mpe pia kazi: gunzi la mahindi, karatasi nyeupe uliyofungia mbegu, ganda la nazi, kipande cha boga lenye kokwa zake. Porini kutafuta chakula ndiyo ajira yake, na ndege asiye na ajira hupiga makelele au hujinyonyoa manyoya.

Ataongea lini?

Pengine kesho, pengine asiongee kabisa. Wa kijivu ndio wenye kipaji kikubwa, lakini hata kwao kila mmoja ana lake. Kanda iliyorekodiwa ikirudia "habari yako" mchana kutwa haifui dafu. Ndege hujifunza neno lenye kazi.

Njia ninayoifuata inatokana na ya mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, na kasuku wake Alex, aliyefariki mwaka 2007 akiwa anajua maneno kama mia moja na anaweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu vichache. Watu wawili wanakaa mbele ya ndege. Mmoja anainua kitu, anauliza, "Nini hii?" Mwenzake anajibu, "Karanga," anapewa karanga, anaila kwa mbwembwe. Akikosea kwa makusudi, hapewi. Kisha wanabadilishana zamu. Kasuku anatazama karanga zinavyokwenda kwa wengine kwa sababu ya neno moja, na wivu unamfundisha. Nyumba yenye watoto wawili wanaopenda karanga ina walimu tayari.

Amekuja na matusi. Nifanyeje?

Usicheke. Najua ni kazi ngumu kuliko zote zilizoandikwa hapa. Wala usimkemee, maana kukemea nako ni kumpa watazamaji. Kaa kimya kama hukusikia, na dakika inayofuata akisema lolote jingine, mpe mbegu. Sato alikuja na "nipe hela" pamoja na salamu ya Kisukuma, "mwadila", kwa sauti ya mzee aliyekohoa. "Mwadila" nimeikuza. "Nipe hela" bado hutoka wageni wakija, na sijui tena kama nataka iishe.

Nimkate mabawa ili asitoroke?

Mimi sikati. Ndege anayeruka anajiamini, na anayejiamini hang'ati ovyo. Lakini nyumba lazima iandaliwe: nyavu madirishani, feni ya darini izimwe kabla hajatoka, sufuria zenye mafuta ya moto zisiwe jikoni wazi, vioo vikubwa apelekwe avijue kwa kijiti.

Fundisha kuitika mapema. Anza na hatua moja: yuko kwenye tawi la kusimamia, mkono wako uko jirani, mwite, akivuka bonyeza na umpe mbegu. Kesho hatua moja na nusu. Utafika upande wa pili wa chumba.

Akitoroka kweli, tatizo lake si kwamba hataki kurudi. Hajui kushuka. Amezoea kuruka usawa wa sebule, sasa yuko juu ya mwembe na kunguru wamemzingira. Weka tundu lake mahali anapoliona, kaa chini yake ukile chakula anachokipenda, mwite kwa sauti mnayoizoea, na usitume vijana wapande kwa fujo. Giza likiingia usimtishe, kumbuka tawi alilolala, urudi kabla hakujapambazuka. Sato alilala usiku mmoja kwenye mwembe wa jirani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alishuka tawi kwa tawi, kwa miguu na mdomo, kama mzee anayeshuka ngazi.

Tunapikia mkaa, na mbu ni wengi. Kuna madhara?

Makubwa. Mapafu ya ndege hufyonza hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na hufyonza sumu hivyo hivyo. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa humuua kabla wewe hujaumwa kichwa. Kikaango kisichogandisha kikiachwa motoni mpaka kipate moto kupita kiasi hutoa hewa usiyoiona, na ndege huanguka ndani ya dakika. Dawa za mbu za kuchoma na za kupuliza, uvumba, sigara na manukato ya kupulizia, vyote nje. Mfunike yeye na tundu lake kwa chandarua, ni rahisi na kinazuia pia wale wadudu wa ziwani wanaoingia kwa wingu zima na kujaa kwenye maji yake. Kama nyumba yako iko karibu na wanaobanika samaki, dirisha la upande ule lifungwe moshi unapokuja.

Wangu si wa kijivu. Ni wale wadogo wa kijani wenye uso mwekundu.

Hao ni wenyeji wa hapa hapa, kuliko hata sisi wengi. Makazi yao ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini mashariki mwa ziwa letu. Jina lao la kitaalamu, *Agapornis fischeri*, linamkumbuka msafiri mtafiti wa Kijerumani, Gustav Fischer, na miaka ya 1980 walikamatwa na kupelekwa nje kwa wingi mno. Suala la kibali linawahusu vilevile.

Kijiti na kalamu vinafanya kazi kwao pia, ila mbegu ziwe ndogo sana, uwele au mtama, na kipindi kiwe dakika mbili. Usitegemee maneno. Na usimweke mmoja peke yake ukashinda kazini. Hao huishi kwa makundi, na upweke unawaumiza.

Nina kuku uani. Na je, ataniambukiza ugonjwa?

Tenganisha. Mdondo, wengine mnauita kideri, unaweza kumpata kasuku, na viatu vyako vinaweza kuubeba kutoka bandani. Nawa mikono, badilisha ndala.

Upande wa binadamu, kasuku wanaweza kuwa na vimelea vinavyosababisha homa na kikohozi kwa mtu anayevuta vumbi la kinyesi chao kilichokauka. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa za kawaida za hospitali, mradi daktari ajue. Kwa hiyo ukiumwa kifua, mwambie unaishi na kasuku. Kinyesi kifute kikiwa na unyevu, usikifagie kikiwa vumbi.

Mtafute daktari wa mifugo anayekubali kushika ndege kabla hujamhitaji, na umpime ndege wako kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, gramu zake uziandike. Kasuku huficha ugonjwa mpaka anapokaribia kuanguka. Mizani ndiyo inayomsema. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usingoje kesho. Na usimpe dawa za kuku kwa kukisia.

Huyu ana zaidi ya miaka ishirini. Samaki si mkunje angali mbichi?

Methali nzuri, ndege siye. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hufika miaka arobaini, hata hamsini na zaidi, kwa hiyo wa ishirini ni kijana mwenye mazoea. Anajifunza vizuri tu. Kinachochelewa ni kusahau, maana huenda nyumba iliyopita ilikuwa na fimbo, au mkono, au kofia ya aina fulani. Mmoja niliyesaidia kumtuliza Buhongwa alikuwa akipiga mayowe kila akiona ufagio. Hatukuwahi kujua kwa nini. Tuliuhamishia nje, basi.

Fikiria pia upande wa pili wa umri huo: ukiwa na miaka hamsini, andika leo nani atakayempokea baada yako.

Mwenye ndege wa zamani anataka kuja kumwona. Nimruhusu?

Mruhusu, lakini baada ya miezi miwili mitatu, ndege akishakuwa na utaratibu wake kwako. Akae mbali na tundu mwanzoni, asiingize mkono kwa mazoea, na zawadi atoe mbegu zilezile mnazotumia.

Wa kwetu alikuja mwezi wa nne, kutoka Dodoma, na mfuko wa zabibu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akakohoa, akasema, "Mwadila." Sato akabana manyoya, akashuka tawi moja, akainamisha kichwa upande mmoja na kumtazama kwa jicho moja kwa muda mrefu sana. Kisha akalegea, akatikisa mkia. Mzee akaniuliza kama aingize mkono. Nikampa kijiti.